Nimetuma imeli kwa jina la bosi kama mzaha, sasa naambiwa ni kesi. Kweli?

mtoto_wa_kuze:

Assalam aleikum wandugu, na wengine wote hamjambo. Nina jambo limenikaa hapa kooni tangu jumatatu na siwezi kumuuliza mtu nnaemjua maana Mombasa hii ukimwambia mmoja Marikiti, kabla hujafika Feri washajua wote, kwa hivo nauliza hapa.

Mie nafanya kazi ofisi moja ya klirin na fowadin, si kubwa, watu kumi na mbili hivi. Sisi vijana wa pale twataniana sana, ndio namna siku inavyosonga, ukingoja mzigo utoke bandarini wakati mwengine ni kukaa tu na kutazama simu. Sasa kuna mzee mmoja tumwite Mzee Achari, sababu droo yake haikosi achari ya embe na akiila hufumba macho. Ana miaka kumi na nne hapo. Mtu mpole, hana makuu, na yeye mwenyewe hututania, ndo maana nikaona hapatakuwa na neno.

Ijumaa iliopita tulivotoka msikitini nikaingia tovuti moja, ziko nyingi hizo, waandika jina la mtumaji utakalo na anwani utakayo, yenyewe yampelekea mtu. Nikaweka jina la bosi na anwani ya bosi ile ile ya kweli, nikaandika mistari minne tu, kuwa kwa ajili ya mabadiliko ya kazi kuanzia mwanzo wa mwezi atahamia ofisi ya Malaba kule mpakani na ajitayarishe. Tuna mtu Malaba kweli, ndio utamu wenyewe. Nikawaambia wenzangu wawili, wakawa wacheka chini kwa chini hata hajaifungua.

Akaifungua. Nlikuwa namuona kutoka pale nlipokaa. Hakusema kitu. Akavua miwani, akaifuta na ncha ya shati, akaivaa, akasoma tena. Mie nangoja aseme "nyie watoto nyie" kama kawaida yake. Akazima kompyuta, akachukua stepla yake, ile aliinunua mwenyewe na kaiandika jina kwa maka, na kikombe chake, akatia kwa mfuko wa karatasi, akaaga watu akaenda zake na ilikuwa saa kumi na nusu tu. Nikasema ntampigia nimwambie. Nikapiga, simu imezimwa. Nikasema kesho. Kesho nikawa na harusi Mtwapa nikasahau kabisa, na hilo ndilo sijisamehe.

Jumapili usiku akajibu ile imeli. Hapo ndipo sikuwa nimefikiria, kuwa akibonyeza kujibu jawabu laenda kwa bosi wa kweli, haliji kwangu. Akaandika ukurasa mzima. Kuwa mkewe yuko kwa mashine ya kusafishwa figo mara mbili kwa wiki, na yeye ndie humtia kwa tuktuk akamngojea masaa manne, akienda Malaba atampeleka nani. Kuwa miaka kumi na nne hajaomba kitu. Kuwa kuna ahadi fulani bosi alimpa zamani mbele ya marehemu fulani na hakuitimiza. Ofisi nzima hakuna aliejua habari za mkewe, wallahi hakuna. Nimeyajua kwa sababu jumatatu asubuhi bosi alituita sote akayasoma baadhi yake huku mkono watetemeka, akauliza nani kaandika barua ile kwa jina langu. Mzee Achari alikuwa amesimama pale pale karibu na mtungi wa maji. Hakuna aliejibu.

Sasa mtu wa IT amesema aangalia heda, sijui ndo nini. HR amesema hii ni kesi ya polisi. Wenzangu wasema ninyamaze itapoa. Naomba kujua, hii ni kosa la kisheria kweli ama natishwa tu, mtu wa IT atanijua, na je niseme ama nisiseme?

---

fundi_seva:

Naanza na la pili maana ndio kazi yangu. Atakujua, na kama hajakujua leo ni kwa sababu hajakaa akatulia.

Watu wadhani imeli ni kitu kina ulinzi, jina likitokea pale juu basi ni la mwenyewe. Imeli ni barua ya posta tu. Itifaki yake, SMTP, aliiandika Jon Postel 1982 na wakati ule mtandao ulikuwa vyuo na maabara, watu wajuana, hakuna aliewaza kuweka askari mlangoni. Seva yauliza "watoka kwa nani" nawe wataja umtakae, yaandika. Tena barua ina majina mawili, moja la juu ya bahasha ambalo seva huambiana zenyewe kwa zenyewe, na jengine la ndani ya karatasi ambalo ndilo Mzee Achari aliloliona kwa miwani yake. Si lazima yafanane, na barua nyingi za halali pia hayafanani, kama zile za matangazo mtu anampa mwengine kazi ya kutuma.

Baadae ndo wakaja kutia viraka. SPF ni mwenye domeni, lile jina la baada ya @, kutangaza hadharani seva gani zina ruhusa ya kutuma kwa jina lake. DKIM ni muhuri wa kihesabu, mpokeaji aweza kuhakikisha barua haikuguswa njiani. Na DMARC iliotangazwa 2012 yaunganisha hizo mbili na kumwambia mpokeaji barua ikifeli afanye nini, aipitishe tu, aitupe kwa spamu au aikatae mlangoni. Barua yako kufika inboksi ya mzee kwa anwani ya bosi mwenyewe yanionyesha domeni ya ofisi yenu haina DMARC au iko ile ya kupitisha tu. Ofisi nyingi nlizoingia hapa mjini ziko hivo, domeni ilisajiliwa na mpwa wa mtu akaenda zake Doha na paswadi anayo yeye. Google na Yahoo tangu Februari 2024 wawabana wanaotuma barua nyingi mno (Google wahesabu 5,000 kwa siku) waweke zote tatu, lakini hiyo ni habari ya wenye kutuma kwa wingi, wewe ulituma moja.

Sasa hiyo heda. Kila seva barua inapopita yagonga muhuri wake, mstari unaoanza na neno Received, kama vile paspoti yako inavogongwa ukivuka Lungalunga. Wazisoma kutoka chini kwenda juu, ya chini ndo mwanzo wa safari. Kwa Gmail ni kubonyeza vile vidoti vitatu na kuomba kuona barua asili, haichukui dakika. Pale chini mtu wenu wa IT ataiona seva ya hiyo tovuti. Tovuti nayo huweka kumbukumbu za anwani za IP, yaani namba za mtandao wa kila alieingia. Na wewe ulitumia waifai ya ofisi na kompyuta ya ofisi saa za kazi, au nasema uongo? Basi hata hahitaji kuwauliza hao wa tovuti, atakuja kwa ruta yenu na brauza yako.

Na nakuomba kitu kimoja. Usifute chochote. Nshaona mtu alitoka kwa kosa la kwanza akanaswa kwa kufuta.

---

kachri_ya_jana:

😂😂 mzee yuko Malaba kwa mistari minne na kontena langu lina wiki tatu halijavuka Changamwe

Jamani mwamtisha mtoto wa watu bure. Pranki ni pranki. Kwani hii imeanza leo? Tarehe 1 Aprili 1984 kuna Mholanzi aitwa Piet Beertema aliweka ujumbe kwenye Usenet, yale mabaraza ya mtandaoni ya zamani, kwa jina la Chernenko, ndie aliekuwa mkubwa wa Usovieti wakati ule, ati Usovieti umejiunga na mtandao na wataka majadiliano na Wamarekani na Wazungu wengine, na akatunga jina la kompyuta kremvax yaani ya Kremlin. Watu waliingia mzima mzima. Hakuna aliemtia ndani, watu walicheka, na Warusi walipoingia mtandaoni kweli baadae mashine moja ikapewa jina hilo hilo la kremvax kwa maskhara. Na 2017 kuna jamaa Muingereza alikuwa amwandikia hata mkubwa wa benki ya Barclays akijifanya mwenyekiti wake, wakaandikiana wee mpaka yakatoka magazetini. Nyamaza bro. Jumatatu ijayo kutakuwa na jambo jengine la kusemwa.

---

bint_tudor:

@kachri_ya_jana Chernenko hakuwa na mke wa kupelekwa hospitali kwa tuktuk akawa amngoja Beertema amwambie ni uongo. Na ilikuwa tarehe moja Aprili, mbele ya watu wote, mzaha wenyewe ukijitangaza kwa namna ulivokuwa mkubwa. Huu wa Kuze aliutuma ijumaa mchana kwa mtu mmoja, kwa jambo ambalo lawezekana kabisa, kwa jina la mtu mwenye uwezo wa kulifanya. Ati yafanana vipi?

Mie naweza kuwaambia yakoje kwa upande wa pili. Nilipomaliza fomu foo niliomba chuo kimoja, sikitaji. Nikapata imeli kutoka ofisi ya usajili, jina sawa, anwani sawa, nembo iko, kuwa nimechukuliwa. Ilikuwa ni rafiki wa dadangu. Alidhani ntaona tu, sababu chini kabisa aliandika tarehe ya kuripoti 31 Februari. Nani husoma tarehe akiwa alia kwa furaha? Babangu alitoka saa ile ile akaenda Kongowea kuninunulia sanduku, la buluu, lina magurudumu. Nilikuja kuchukuliwa kweli pahali pengine mwaka uliofuata na nilikataa kwenda na sanduku lile. Liko juu ya kabati ya mamangu mpaka leo, ndani mna mashuka.

Na yule rafiki aliniomba msamaha vizuri tu, mimi sina kinyongo nae. Lakini alidhani aliemkosea ni mimi peke yangu. Hakufikiria wale wa chuo, kuwa kuna watu wanakaa kwenye ofisi ile, na babangu aliwapigia simu kuwashukuru, na aliepokea alimjibu babangu kama amjibu mwendawazimu. Nimekuja kuona baadae kuwa ukimtania mtu kwa jina lako ni baina yenu, akikasirika ajua pa kuja. Ukitumia jina la mtu mwengine umemuingiza mtu wa tatu kwa ugomvi ambao hana habari nao. Bosi wenu ameonekana dhalimu jumamosi nzima na jumapili nzima machoni pa mzee na mkewe na yeye yuko kwake anakula pilau hajui.

Ingawa bosi nae, kusoma habari za ugonjwa wa mke wa mtu mbele ya ofisi nzima... sijui nimuite nini.

---

wakili_wa_baraza:

Mie ni wakili lakini si wakili wako na sijaiona barua, kwa hivo chukua haya kama mazungumzo ya kahawa.

Sheria yetu hapa Kenya ni ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ukiisoma yote hutoona pahali palipoandikwa kuwa kubadilisha jina la mtumaji wa imeli ni kosa, na hapo ndipo watu wajidanganya. Tafuta kifungu cha 29, kutumia kwa ulaghai au kwa kukosa uaminifu saini ya kielektroniki, neno la siri au kitambulisho chochote cha kipekee cha mtu mwengine. Faini isiozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Anwani ya imeli ya bosi ni kitambulisho cha kipekee? Mwendesha mashtaka atasema ndio na sioni hakimu atakaeshangaa. Mzigo wake uko kwenye yale maneno "kwa ulaghai au kwa kukosa uaminifu". Wewe utasema sikupata hata senti, nilitaka kicheko. Ni hoja, si hoja mbaya, lakini utakuwa waitoa ukiwa umesimama kizimbani Shanzu au hapo Mombasa, na umeshalipa wakili.

Kifungu kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni cha 25, kughushi kwa kompyuta. Ni mtu kuingiza data isio ya kweli kwa nia ichukuliwe au ifanyiwe kazi kisheria kama kwamba ni ya kweli. Faini mpaka milioni 10 au miaka 5. Barua ya kuhamishwa kazi ni karatasi ya mkataba wa kazi hio. Ungemuandikia kuwa bosi asema leo chakula cha mchana ni yeye alipa, tusingefika huku. Ulichagua karatasi ambayo mtu akiipokea yambidi aitii. Na humo ndani hakukuwa na hata neno moja la kuonyesha kicheko, mistari minne mikavu, na mawakili wa upande wa pili wapenda sana mistari mikavu.

Kuna na 27, usumbufu wa mtandaoni, adhabu yake kubwa, mpaka milioni 20 au miaka 10, hicho kimerekebishwa 2025 na kimepelekwa mahakamani, sikichambui hapa. Cha 30 ni cha wale wanaotuma ujumbe ili mtu atoe siri zake, hukumuomba kitu, hakikuhusu. Kanuni ya Adhabu nayo kifungu cha 382, cha kujifanya mtu mwengine, chataka nia ya kulaghai. Na tafadhali mtu asilete hapa ile sheria ya Marekani ya 2003 iitwayo CAN-SPAM, kila mjadala kama huu lazima mtu ailete, ile inakataza kudanganya mtumaji kwenye barua za biashara za kwao, si za Mzee Achari.

Ukiniuliza mimi, DCI, yaani polisi wa upelelezi, hatokuja ofisini kwenu kwa hili isipokuwa bosi au mzee mwenyewe akaandikisha ripoti na kulifuatilia. Kinachokuja ni HR. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 44 chamruhusu mwajiri kukufukuza papo hapo kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na kujifanya bosi sijui utaliita nini kama si hilo. Lakini cha 41 kinamlazimu kwanza akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, ukiwa na mfanyakazi mwenzio uliemchagua, na akusikilize. Kwa hivo ukiitwa usiende peke yako, na usende na mmoja wa wale wawili waliokuwa wacheka.

Na @bint_tudor amesema kweli kuhusu bosi. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hilo si la kwako wewe kulitumia kama ngao, nakwambia mapema kabla hujafikiria. Ni la Mzee Achari na mkewe wakitaka.

---

kachri_ya_jana:

Haya mie nanyamaza. sikujua ile miaka mitano

---

mzee_wa_kibokoni:

Nyinyi mwasema imeli imeli kama kwamba kabla ya imeli watu walikuwa malaika.

Miaka ya sabini hapa petu, vijana wa baraza moja walikaa siku moja hawana kazi, wakaandika barua ya posa. Kwa jina la fundi mmoja wa cherehani, kijana mtaratibu, mkono wake wakauiga hasa, na jina la babake, na salamu zote za mwanzo kama zinavotakiwa, wakaenda wakaitia chini ya mlango wa watu wakubwa. Mzaha ulikuwa kwamba watakataa, na fundi atakutana nao njiani wamtazame juu chini asijue kwa nini. Basi.

Wakakubali.

Ndio mambo hayo. Hawakumtaraji mtu bora. Kina mama wakaanza kukaanga buni, halua ikaagizwa, mtoto wa kike kaambiwa. Fundi akapongezwa msikitini baada ya Alasiri na mtu asiemjua, akadhani amefananishwa. Siku ya pili akapongezwa na wanne. Alipoelewa akawa hana pa kupita. Akisema barua si yangu amemuaibisha binti wa watu ambae hajamkosea kitu, akinyamaza ameoa. Akaenda akasema, kwa adabu zote, akilia yeye. Binti yule mwezi mzima hakuonekana dirishani.

Wale vijana walitandikwa bakora na wazee wao, ikawa imekwisha, watu wakaanza kulicheka lile jambo baada ya mwaka mmoja. Wao walilicheka. Mie nlikuwa ndie mwenye mkono mzuri wa kuandika, ndie nliepewa kalamu. Fundi yule aliishi miaka mingi baada ya hapo na duka lake lilikuwa hatua kumi kutoka kwetu, na kanzu zangu zote za Iddi nikenda kushona Majengo.

Mwanangu, kabla hujenda kwa bosi na kabla hujenda kwa huyo HR, nenda kwa Mzee Achari. Nyumbani kwake, usimpigie simu. Usimuandikie kitu, hasa wewe usimuandikie kitu. Na usichukue achari kama zawadi, maana nakujua kwa namna ulivoandika, litakupitia wazo hilo.

---

bint_tudor:

Hiyo ya achari shekhe 😭

Na wale wenzake wawili? Wao wasema anyamaze kwa sababu mlango wao bado umefungwa. Akienda aende kwa lake, asiwataje mbele ya mzee, hilo ni langu mie. Wakiulizwa wajibu wenyewe.

---

fundi_seva:

Mie naongeza la kazi tu. Ukishasema, mwambie huyo mtu wa IT aweke DMARC jioni hio hio. Aanze na kutazama ripoti wiki kadhaa aone barua zao za halali zatoka wapi na wapi, halafu ndo akaze mpaka kukataa, akikaza siku ya kwanza ankara za wateja zitaanza kupotea. Kama wewe kwa mzaha uliingia kirahisi hivo, yule anaetaka kumuandikia mhasibu wenu kuwa akaunti ya benki ya mteja imebadilika atapita njia ile ile, na huyo hatoki Kuze. Ofisi za klirin ndizo wazipendazo, pesa nyingi zapita kwa haraka na kila mtu ana presha meli imefika.

---

mtoto_wa_kuze:

Wandugu nimerudi. Samahanini kwa kimya.

Jana baada ya Magharibi nlikwenda. Akaa Mshomoroni ndani ndani, nlishuka tuktuk nikauliza watoto. Alienifungulia ni mkewe. Mwanamke mwembamba sana, mkono mmoja umefungwa bandeji pale kwenye kiwiko. Akanambia karibu mwanangu, wewe ni wa ofisini, akanitilia chai kabla sijasema kitu. Ule mfuko wa karatasi ulikuwa kwa meza ya tivii, stepla yatokeza. Hajaurudisha.

Mzee akaja akakaa. Nikamwambia yote, kwamba ni mimi, kwamba wenginewe waulizwe wenyewe, kwamba nlipiga simu mara moja na mara ya pili nlikuwa harusini. Sikuongeza kuwa nilikuwa nataka tucheke, nlikuwa nimepanga kulisema nikaliona halisemeki mbele ya ule mkono. Hakunikatiza. Mkewe alikuwa yuko mlangoni ameshika birika, nae alisikia.

Akakaa kimya kitambo. Nlidhani atanifukuza. Akaniuliza kwani wewe wajua mambo haya ya kompyuta? nikasema kidogo. Akasema, ile nlioijibu mimi jumapili, yarudishwa vipi?

Nikasema ntauliza. Ndo nauliza @fundi_seva. Asema hataki tena kusamehewa wala kuombwa radhi, ataka tu ile barua itoke kwa bosi, kuna maneno mle ya yule marehemu hakutaka mtu ayajue.

---

fundi_seva:

Hairudi. Gmail yakupa sekunde 30 kwa wingi wake na hio ni kwa sababu yenyewe huwa haijaituma, yaizuia tu. Zile za ofisi zina kitu cha kuita barua lakini lazima nyote muwe seva moja, na kwa nyingi mwenzio awe hajaifungua, na huyu ashaifungua akaisoma kwa sauti. Cha pekee ni bosi mwenyewe aombwe aifute, na kama aliichapisha kwa karatasi aichane, na HR pia, na mtu wa IT kwenye bakapu. Hilo laombwa kwa mdomo. Mzee ana haki ya kuliomba, muulize @wakili_wa_baraza.

---

wakili_wa_baraza:

Anayo. Ile sheria ya data yampa njia ya kuomba ifutwe. Njoo inboksi nikuandikie maneno ya kumpa, bila malipo, kwa ajili yake yeye, si yako wewe. HR umeitwa lini?

---

mtoto_wa_kuze:

Alhamisi saa nne. Bosi nlimwambia leo asubuhi. Nlimkuta mlangoni hajaingia hata ndani, akasema sawa, kaa, fanya kazi mpaka alhamisi. Mzee Achari nae amekuja leo, stepla hakuja nayo. Niko njiani kuja inboksi.